Radhi Moja, Wenye Makosa Watatu

Sogeeni, wenye masikio na wenye majibu. Nikisema "kisa", nyinyi semeni "tukipime", maana hiki si kisa cha kusikiliza ukalala. Ni cha kusikiliza mkagombana. Mwenye jibu la haraka alifiche chini ya ulimi kwanza. Nimewaona wengi walioamua kabla sijafika katikati, na wote ilibidi waamue tena.

Kisa.

Zamani si zamani sana, simu za mkononi zikiwa zimeshatuharibu, huko Wete, kisiwani Pemba, palikuwa na watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa kitu cha kujivunia.

Wa kwanza, Mize, alipewa mikono. Alisuka ukili, ule utepe unaoshonwa ukawa mkeka, tangu hajaota meno ya pili, na chane za ukindu zilimtii kama zina masikio. Mkeka wake ukiutandika leo, mjukuu wako atazaliwa juu yake.

Wa pili, Faki, mdogo wake Mize, alipewa koo. Alihamia Unguja kutafuta maisha, akawa fundi wa majokofu, lakini kila penye maulidi walimtafuta yeye. Akianza kughani, hata wapishi waliacha miko chunguni.

Wa tatu, Bi Raya, alipewa pua. Yeye alikuwa msingaji, yaani ndiye anayewasugua maharusi kwa singo, ule mchanganyiko wa liwa, karafuu na maua unaomfanya bibi harusi anukie hadi mtaa wa pili. Ukimpa singo ya mtu mwingine ainuse, alikutajia kilichomo, na pengine akakutajia na aliyeisaga.

Basi watu hao watatu walikuwa na kitu kingine pia, ambacho hawakukionyesha. Kila mmoja alikuwa na aibu yake, kaifunga kwenye pindo la nguo. Ya Mize nitaitoa sasa hivi, kwa sababu kisa ni chake. Za wengine zitatoka kwa wenyewe, mkisubiri.

Mama yao Mize na Faki aliitwa Bi Chumu. Wakati wake hapakuwa na msukaji wa kumfikia, wala mwenye ulimi wa kumfikia. Watoto wa mtaa walijifunza ukili miguuni pake. Aliyekosea chane alitakiwa aseme, "Niwie radhi, mwalimu." Naye Bi Chumu alimgonga goti kwa kidole, akamwambia, "Nimekuwia radhi, fumua." Ilikuwa ni mzaha wa kazi, lakini watoto waliuogopa kuliko bakora ya madrasa.

Uzeeni Bi Chumu akaanza kupotea akiwa yumo ndani. Mwanzo alitia chumvi mara mbili, tukacheka. Kisha akasahau chungu motoni. Kisha akaanza kumuulizia mumewe, Mzee Shaame, ambaye alikwishazikwa na kaburi lake limeshaota majani. Kila akiuliza, Mize alimjibu kweli, maana yeye alilelewa kusema kweli: "Mama, baba kafa." Bi Chumu alikuwa akiangua kilio kana kwamba ndiyo kwanza habari inafika, akajifunga kanga kichwani, akakaa eda yake. Kesho yake aliuliza tena, na Mize akamfisha tena yule baba. Mwanamke huyu alifanywa mjane asubuhi na jioni, na mwanawe akaona anatenda haki.

Majirani walisema lao. Huyu kasema jini, yule kasema kijicho. Mmoja akaleta chupa ya mizizi michungu iliyokwishaponya, kwa maneno yake, wendawazimu, kisukari na ugumba. Bi Chumu alitapika hadi macho yakaingia ndani. Huyo aliyeileta hakuonekana tena mtaani mpaka Ramadhani.

Sasa hapo ndipo ilipokuja posa.

Sabiha, binti yake Mize, aliposwa na kijana wa Chake Chake, kijana mwenye adabu na kazi. Wazee wake wakatoa taarifa kwamba watakuja kuangalia ukoo. Nanyi mnajua kuangalia ukoo ni kufanya nini. Watu huuliza: kuna kifafa kwenu, kuna ukoma, kuna wendawazimu? Hawaulizi kwa mdomo, huuliza kwa macho. Mize hakulala vizuri wiki nzima. Siku ilipofika alimtia mama yake chumba cha nyuma, akampa kibakuli cha halua, akarudishia mlango.

Wageni walikuwa wameshapewa kahawa Bi Chumu alipotoka. Kanga kaivaa nje ndani, halua imemganda kidevuni. Akapita katikati ya wageni, akakaa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa Shaame amekwenda wapi, mbona chakula kinapoa.

Mama wa kijana, Bi Hidaya, aligeuka. Akauliza kwa upole, "Huyu mama ni nani?"

Mize alikuwa na jibu moja la kweli, fupi, la maneno mawili. Aliyekuwa anamfisha baba yake asubuhi na jioni kwa ajili ya ukweli, siku hiyo ukweli ulimshinda. Akasema, "Ni bibi wa jirani. Hana mtu, sisi ndio tunamlisha."

Bi Chumu akamtazama. Akamtazama kwa muda, kama mtu anayesoma kibao cha duka asilolijua. Kisha akasema, "Ahsante, bibie. Mungu akulipe." Akainuka, akarudi mwenyewe chumba cha nyuma.

Posa ikakubaliwa. Watu wakapiga vigelegele, na Mize akapiga pia.

Tangu siku hiyo Bi Chumu hakusema neno. Hakumuulizia Shaame wala mtu mwingine, na chakula alikila kijiko kimoja akafunga mdomo. Mize alipiga magoti mbele yake, akamwomba radhi asubuhi, akamwomba adhuhuri, na mama akitazama ukuta. Watu husema pepo ya mtoto iko chini ya nyayo za mama yake. Mize alikaa kwenye nyayo hizo akizikanda, akiona jinsi zilivyokonda, akijua kwamba mama akiondoka bila kutamka, yeye atabaki duniani na akhera akiwa ni mtu wa jirani. Hilo ndilo alilolitaka, na wala hakutaka jingine: neno la radhi, kutoka kinywa kile, kabla hakijafungwa kabisa.

Alimpeleka hospitali. Daktari akamchunguza, akasema ni ugonjwa wa Alzaima, unakula akili polepole, na dawa ya kuirudisha haijapatikana. Mize akauliza, huku akitazama sakafu, kama mtu anaweza kuacha kusema kwa sababu ya neno aliloambiwa. Daktari akasema hawezi kujua; ugonjwa wenyewe huiba maneno. Lakini kuna mambo yanayowatuliza wagonjwa wengine, hata wakala, hata wakatamka neno: kazi waliyoizoea, nyimbo za zamani, kukandwa, harufu wanayoijua. "Hayaponyi," akasema. "Usije ukaniambia nilikuahidi kupona. Na usimbishie. Akimuulizia mumewe, muulize alikuwa mtu gani." Mize alitoka pale na kitambaa mdomoni. Alikuwa anahesabu moyoni mara alizomfisha baba yake, hakuzimaliza.

Basi Mize akaleta mikono.

Alimkalisha mama yake uani, akampa chane za ukindu. Bi Chumu akazishika, akazigeuza, zikamwanguka. Mize akajaribu tena kesho na keshokutwa, mpaka akagundua jambo: mama hawezi kuanza. Mwanzo umemtoka. Lakini ukimwanzishia ukili, ukamtilia mkononi ukiwa unakwenda, vidole vinajua njia. Basi Mize akawa anaanza, mama anaendeleza. Walipofika penye fundo, mama akitazama kando, Mize alilifumua kosa lile kimyakimya na kumrudishia, wala hakusema "umekosea". Ilimgharimu sana huyu mwanamke kutosema "umekosea". Bi Chumu akasuka. Uso ukalegea, akala uji nusu bakuli. Lakini hakutamka neno.

Faki akaleta koo.

Mize alimpigia simu mara nyingi, na kila mara kulikuwa na jokofu la mtu limeharibika. Mwisho akamwambia kwamba mama hali chakula, basi akaja, mkoba mdogo begani kama mtu asiyekusudia kulala. Hakumkaribia mama. Alikaa mbali, mgongo ukutani, akaimba kibembelezo ambacho Bi Chumu alimwimbia yeye utotoni, alipokuwa akiogopa mvua:

*Nyamaza usinilize,*
*mvua hii haing'ati,*
*inabisha na kupita,*
*kwetu haiketi kiti.*

Midomo ya Bi Chumu ikatikisika. Siku ya pili kichwa kikafuata, siku ya tatu akaguna sauti ya wimbo, juu na chini mahali pake hasa. Usiku akalala bila kuhangaika. Lakini hakutamka neno.

Bi Raya akaleta pua, na huyu hakuitwa.

Mize alikuwa amenunua marashi ya dukani, chupa yenye picha ya waridi, akampaka mama yake, na mama akapiga chafya mpaka ushungi ukamwanguka. Jirani aliyeona akacheka, na kicheko hufika mbali. Siku ile ile alasiri Bi Raya akasimama mlangoni na kikombe kimefunikwa kitambaa. Mize nusura amfungie mlango. Huyu Bi Raya alikuwa mke mwenzake Bi Chumu. Alikuwa amemchukua Mzee Shaame mpaka mzee akafia kwake, na wake wawili hao tangu hapo hawakupeana salamu ila ya msibani.

"Mamako hapendi harufu za chupa," Bi Raya akasema. "Hajapenda tangu zamani. Nipishe, mwanangu, nimsinge, kisha nitakwenda zangu."

Mize akapisha. Aliona haya kumwingiza mwanamke yule nyumba ile, na aliona haya zaidi kwamba anamhitaji. Bi Raya akaketi, akamsugua Bi Chumu mikono, vifundo vya vidole, viwiko, polepole kama amsingavyo mwari. Ua mzima ukanuka liwa na karafuu, na chini yake mrehani kwa mbali. Bi Chumu alifumba macho, mabega yakashuka, na jioni ile aliomba chakula kwa kunyoosha mkono. Lakini hakutamka neno.

Sasa shikeni vizuri hapa, maana ndipo penye kesi.

Ikaja Ijumaa baada ya sala. Mvua ilinyesha, ikaacha, ua umelowa na jua limetoka. Wote watatu wakajikuta pamoja, bila kupanga, na bila kupendana. Mize alikuwa ameketi kulia kwa mama, wanasuka ukili mmoja, yeye ameushika mwanzo na mama mwisho. Bi Raya alikuwa kushoto, anamsinga kifundo cha mkono. Faki alikuwa mbele, safari hii karibu, anaimba kwa sauti ya chini.

Akafika mstari wa tatu, "inabisha na kupita," akakatiza, sijui kwa nini. Na katika kimya hicho sauti kavu, iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa, ikamalizia: "Kwetu haiketi kiti."

Mize alishtuka, vidole vikaruka chane moja.

Bi Chumu akainua macho, akamtazama Faki. Wakati huo huo akauinua mkono wa kushoto uliopakwa singo, akaupeleka puani, akanusa. Na wakati huo huo mkono wa kulia ukaacha ukili, ukagonga goti la Mize kwa kidole, mara moja. Akasema, wazi kabisa, "Nimekuwia radhi."

Akaushika tena ukili, akaendelea kusuka.

Jamani, hapo ndipo lugha yetu ilipowatesa wale watu. Angesema "nimewawia", wangegawana, kila mtu akaenda nyumbani na chake. Alisema "nimekuwia". Ku. Wewe, peke yako. Na neno lenyewe halina mume wala mke, mkubwa wala mdogo. Linamwingia yeyote aliye mbele.

Faki ndiye aliyeangua kilio kwanza. "Kaniambia mie," akasema. "Mmeona alivyonitazama."

"Pua," Bi Raya akasema. "Kanusa kwanza, ndipo akasema. Ni mie."

Mize akasema goti lililogongwa ni lake. Akawa analifunika kwa mkono, kama mtu anayeweza kuporwa goti.

Wakaanza kugombana, kwa sauti ya chini kwa sababu ya mgonjwa. Mize akasema bila mikono yake mama angekuwa bado anatazama ukuta. Faki akasema bila wimbo lisingetoka neno la kwanza, na pasipo neno la kwanza hakuna la pili. Bi Raya akasema mtu aliyekaza mwili hasamehi, na mwili ule aliulegeza yeye. Wote walikuwa na haki, ndiyo maana ikawa ugomvi.

Mwisho Bi Raya akauweka chini mkono wa Bi Chumu. Akasema, "Radhi haidaiwi kama zawadi. Hupewa mwenye kosa. Anayesema ni yake, aseme na kosa lake, hapa hapa, mbele ya wenzake."

Huo ulikuwa mtego, na aliyeutega alikuwa yumo ndani.

Faki akasema, akitazama majani. Idi ya mwaka juzi alipokuja, mama alimshika mkono akamwita Shaame, akamwambia, "Mume wangu, keti." Yeye ana sura ya baba yake, hilo linajulikana. Akaona kinyaa, akauvuta mkono, akatoka kwenda kutafuta boti ya kurudi. Mama akamfuata hadi barabarani, kichwa wazi, akimwita jina la mumewe, na vijana kwenye kibanda wanacheka. Mmoja wao akamuuliza, "Kaka, bibi yule anakuita wewe?" Naye akasema hamjui.

"Nikaendelea kutembea," akasema. "Nilimsikia mpaka kwenye kona."

Bi Raya akasema la kwake. Harusi yake ya kwanza, akiwa msichana asiye na mama, aliyemsinga alikuwa Bi Chumu, akamfundisha na mchanganyiko wake wa siri, ule wa kutia mrehani. Ndoa ile ilipovunjika, nyumba aliyokimbilia kulia ilikuwa hii hii, na bega alilolilia lilikuwa la Bi Chumu. Na ndani ya nyumba hii alionana na Mzee Shaame. Wakaoana kwa siri. Hakuna aliyemwambia Bi Chumu. Siku moja alikuwa anafua kanzu ya mumewe, akainusa, akaikuta singo yake mwenyewe, aliyoifundisha mtu mmoja tu duniani.

"Nilimjulisha kwa mkono wake mwenyewe," Bi Raya akasema. "Na sikuwahi kuja kusema niwie radhi. Kila mwaka nilisema mwakani."

Ikabaki zamu ya Mize. Wale wawili hawakujua habari ya siku ya posa. Mize alitamani ardhi ya ua ule ifunguke, lakini ardhi ya Pemba si mtumwa wa mtu. Akasema. Akasema yote: mlango uliorudishiwa, halua, swali la Bi Hidaya na jibu lake. Alipofika penye "ahsante, bibie" hakuweza kulimaliza, na ikabidi waelewe kwa kumtazama.

Nyinyi mnangoja niwaambie kwamba baada ya hapo wakakumbatiana, kila mmoja akamwachia mwenzake. Hawakufanya hivyo. Aibu haimfanyi mtu karimu. Humfanya awe na njaa zaidi. Sasa kila mmoja alijua jinsi mwenzake alivyo mhitaji, na kila mmoja bado aliitaka radhi ile iwe yake. Na wakaona haya kwa hilo pia.

Wakamgeukia mwenyewe. Faki akauliza kwa unyenyekevu, "Mama, umemwia radhi nani?"

Bi Chumu akawatazama wote, mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wawafanyavyo wageni. Akauliza kama mvua imekatika. Wakamwambia imekatika. Akasema vizuri, basi Shaame atakuwa njiani. Mize akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Alikuwa mtu gani, mama, huyo Shaame?" Bi Chumu akatabasamu, akasema, "Mtu wa kusamehewa kila siku." Hakusema zaidi.

Mnaona nyinyi? Sasa na marehemu akaingia kwenye kesi. Maana uso wa Faki uliotazamwa ni uso wa baba yake, na huenda radhi ile ilimpita mtoto, ikaenda makaburini. Na Mize akakumbuka jingine, hili hakuwaambia wenzake: chane aliyoiruka. Kosa la ukili, goti likagongwa kwa kidole, "nimekuwia radhi". Labda mama alimsamehe chane moja tu ya ukindu, kama anavyosamehewa mtoto yeyote anayejifunza. Lakini hakumwambia "fumua". Usiku na mchana Mize alilifikiria hilo. Kila aliyewahi kuambiwa "nimekuwia radhi" aliambiwa na "fumua". Yeye hakuambiwa, naye hakuifumua.

Bi Chumu hakulirudia neno lile tena. Maneno yalimjia machache machache, ya mvua, ya chakula, ya Shaame. Ukili ukarefuka. Mize akaushona, ukawa mkeka, na ndani yake, ukijua pa kutazama, ile chane imekaa upande.

Ikafika harusi ya Sabiha. Wanawake wa Chake Chake wakashuka kwenye magari na vigelegele, Bi Hidaya mbele yao. Mize alikuwa ameutandika mkeka ule uani, mahali pa mbele kabisa, na juu yake amemkalisha mama yake, kanga mpya, asmini kichwani, mikono imesingwa na Bi Raya asubuhi ile. Faki alikuwa nje kwa wanaume, na sauti yake inasikika.

Bi Hidaya akasimama. Akamtazama mzee, akamtazama Mize, akasema, si kwa ubaya, "Si bibi wa jirani huyu?"

Ua ulijaa watu. Wengine walikuwa ni watu wa mtaa ule ule, wanaojua nani ni mama wa nani, na vichwa viligeuka. Ndoa ilikuwa bado haijafungwa. Lolote lingeweza kutokea.

Akasema, "Nilikudanganya, Bi Hidaya. Huyu ni mama yangu. Ndiye aliyenizaa. Anaumwa, anasahau, nami nilimwonea haya mbele yako."

Vigelegele vilikuwa vimekwishakatika. Bi Hidaya akauweka chini mkoba wake. Kisha akainama, akavua viatu, akaingia mkekani, akaketi karibu na Bi Chumu na kumshika mkono. "Shikamoo, mama," akasema.

Bi Chumu akaitikia marahaba. Akamwangalia huyu mgeni mzuri, kisha akainua uso kumtazama Mize aliyekuwa amesimama juu yake, machozi yanamtoka mbele ya watu. Akamtazama kwa muda.

"Ahsante, bibie," akasema. "Mungu akulipe."

Kisa kimefika pake. Tukipime.

Mmoja alileta mikono, mmoja koo, mmoja pua, na ungemwondoa yeyote kati yao neno lile lisingetoka. Mmoja alimkana mama yake mbele ya wageni, mmoja alimkana barabarani, mmoja alimwibia kwa harufu aliyofundishwa naye. Neno lilitoka mara moja, na lilikuwa la mtu mmoja. Macho yalimwendea Faki, pua ikamwendea Bi Raya, kidole kikamgonga Mize. Msiniambie kwamba wapewe wote. Bi Chumu alijua kusema "nimewawia", na hakusema.

Sasa toeni majibu yenu chini ya ndimi. Lakini sharti la Bi Raya bado lipo: atakayehukumu makosa ya watatu hawa, naye kwanza akumbuke la kwake kwa mama yake. Radhi ile ilikuwa ya nani? Je, wewe ungeamua vipi?